Kesi ya Kompyuta Inayokata Roho Jumapili

Gwaride la asubuhi lilihudhuriwa na mwanafunzi mmoja, na bado mwanafunzi huyo alichelewa.

"Hesabu!" Mlinzi alipaza sauti. Alikuwa amesimama wima mbele ya uwanja mtupu, rungu kwapani, kama mtu anayekagua jeshi zima.

"Moja!"

"Wagonjwa?"

"Hakuna, Kamanda."

"Watoro?"

"Bado anafikiria."

"Haya. Tawanyikeni."

Inspekta akatawanyika.

Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata kidato cha pili, alipothibitisha kwa ushahidi usiopingika kwamba mtu aliyekuwa akimaliza sukari ya ofisi ya walimu alikuwa mwalimu wa nidhamu mwenyewe. Ugunduzi huo ulimletea heshima kubwa bwenini na adhabu ndefu ya kufyeka nyasi. Sasa alikuwa kidato cha tatu, shule ilikuwa imefungwa, na wenzake wote walikuwa makwao. Yeye alibaki kwa sababu shangazi yake, aliyezoea kumpokea kila likizo, alikuwa amehamia chumba kimoja na watoto wake wanne, na msichana wa kimo chake asingetoshea humo hata angekunjwa.

Kwa hiyo alilala peke yake katika bweni zima. Kila usiku alihamia kitanda kingine ili, kama alivyomweleza Mlinzi, vitanda visioneane wivu. Alikula peke yake kwenye bwalo la watu mia nne, na kijiko chake kilipogonga sahani, bwalo zima lilisikia. Akitembea kwenye korido, nyayo zake zilimrudia kutoka upande wa pili kana kwamba kuna mtu anakuja. Mara mbili alikuwa amesimama kumsubiri mtu huyo.

Lakini Jumapili hii hakuwa na muda wa kumsubiri. Alikuwa na kesi, na kesi ilikuwa na mwisho wake: saa kumi jioni.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake alifanya kazi ng'ambo, akiwatunza wazee wa watu wengine. Kwa juma zima alipewa saa moja tu ya kukaa na mambo yake, Jumapili, na saa hiyo alimpigia binti yake simu ya video kupitia laptop ya maktaba. Ilikuwa laptop kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, imefungwa kwenye mguu wa meza kwa mnyororo wa baiskeli, kana kwamba kuna mwizi aliyepungukiwa akili kiasi hicho. Njia nyingine haikuwepo. Simu ya Mlinzi ilikuwa ya vitufe, haijui kuonyesha sura ya mtu. Mkutubi hakumiliki simu kabisa; alisema hawezi kuishi na kitu kinachoita.

Jumapili tatu mfululizo, laptop hiyo ilizimika katikati ya mazungumzo. Jumapili zote tatu mama alikuwa amefika palepale: "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuambia. Ni kuhusu kurudi kwangu..." Pap! Skrini nyeusi, na ndani ya weusi huo Inspekta akauona uso wake mwenyewe, mdomo wazi. Mpaka mashine ipoe na kukubali kuwaka tena, saa ya mama ilikuwa imekwisha. Alipomwandikia kumwomba aliandike hilo jambo, mama alijibu kwa mstari mmoja: mengine hayaandikwi, nataka nikuone usoni.

Mama aliondoka na mkataba wa miaka miwili, na miaka hiyo ilikuwa inakwisha. Haikuhitaji inspekta kujumlisha hapo.

Alianza na mtu aliyekuwa karibu.

"Kamanda, nina maswali machache."

"Uliza. Sina la kuficha ila umri."

"Jumapili iliyopita, simu yangu ilipokatika, ulikuwa wapi?"

"Langoni."

"Una shahidi?"

"Lango."

"Wewe ndiye mwenye ufunguo wa swichi kuu. Na mkuu wa shule alikuagiza ubane umeme likizo nzima."

Mlinzi alilihamisha rungu kutoka kwapa moja kwenda jingine. "Unataka kusema nini, mjukuu wangu?"

"Sisemi. Nauliza."

"Basi andika. Ndiyo, nazima. Nazima mabweni, nazima bwalo, nazima hata taa ya ofisi ya mkuu mwenyewe. Maktaba siigusi."

"Kwa nini?"

"Yule mama wa mle ndani akinitazama tu, nasahau namba yangu ya jeshi. Halafu hebu niambie, mashine yenyewe si ina betri? Umeme ukikatika, inakufa?"

Inspekta alifikiri. Betri ilikuwa nzima. Mwenyewe aliwahi kuichomoa laptop ukutani na ikaendelea bila kutetereka. Hoja ilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi.

"Umeachiwa huru, Kamanda. Lakini usisafiri."

"Nitakwenda wapi, mimi na wewe tumefungiwa humuhumu?" Mlinzi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ukimpata mhalifu, niite nije nimkamate."

"Akiwa si mtu?"

"Nimewahi kukamata mbuzi."

Maktaba ilikuwa jengo la mwisho, nyuma ya maabara, na ndani yake kimya kilikuwa serikali. Bango la KIMYA lilitundikwa juu ya kila rafu. Miguu ya viti ilivishwa vipande vya ndala kuukuu ili visikwaruze sakafu. Bawaba za milango zilipakwa mafuta kila Jumatatu. Hata saa ya ukutani ilitolewa betri, kwa kosa la kugonga tiki-tiki, na ndiyo maana ndani ya maktaba ilikuwa saa nne asubuhi tangu muhula uliopita.

Mkutubi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo aliyetembea kwa soksi. Aliishi kwenye chumba kilichoshikana na maktaba, na likizo aliifungua kila siku kama kawaida, kwa ajili ya msomaji mmoja na paka mmoja. Wageni wengine hakuwa nao.

"Shikamoo, Madam," Inspekta alinong'ona.

"Marahaba. Viatu."

Inspekta akavua viatu. "Naomba ruhusa ya kumchunguza marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Laptop, Madam. Inakata roho kila Jumapili nikiongea na mama."

Mkutubi aliinua macho kutoka kwenye kitabu alichokuwa akikigundisha mgongo. "Inazimika? Si mtandao?"

"Inazimika kabisa."

Mkutubi akanyamaza kwa muda, jambo ambalo kwake halikuwa ushahidi wa kitu chochote. "Fungua utakavyo," alisema mwishowe. "Ila skrubu zisianguke. Zinalia."

Juu ya laptop alilala Katibu, paka wa kijivu, amejikunja kama kofia iliyosahauliwa. Inspekta alimhamisha kwa heshima, akaketi, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Hapo ndipo alipoipendea Linux: ukijua kuuliza, inakujibu, na haina haya. Aliiambia imwonyeshe kumbukumbu za safari zake zilizopita, akashuka moja kwa moja hadi mistari ya mwisho kabla ya kila kifo.

Jumapili iliyopita: joto limefikia kikomo cha hatari, nazima. Jumapili ya nyuma yake: maneno yaleyale. Na ya nyuma yake: yaleyale.

Kwa hiyo hapakuwa na muuaji wa umeme wala wa mtandao. Mashine ilijizima yenyewe ili isiungue. Swali sasa likawa moja: nani anaipandisha homa?

Mshukiwa wa kwanza katika kesi zote za namna hii ni Vumbi. Inspekta alitoa bisibisi ya Mlinzi na brashi aliyoiazima kimyakimya kutoka chumba cha sanaa, akaigeuza laptop, akazitoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzilaza juu ya leso. Kwenye mdomo wa feni alikuta donge la vumbi kama sikio la panya. Akalivuta, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na nywele za kijivu.

Akamgeukia Katibu.

"Una la kujitetea?"

Katibu alilamba mguu.

"Nakushauri ushirikiane na upelelezi."

Katibu alilamba mguu wa pili. Inspekta akalisafisha tundu lote, akaizungusha feni kwa ncha ya brashi, nayo ikazunguka laini bila kukwama, akafunga. Kama Vumbi na Katibu ndio waliokula njama, homa sasa ilitakiwa kushuka.

Ili kuhakikisha, ilibidi mashine itoe jasho. Kuna amri moja ya kipuuzi ambayo mabingwa wa Linux huitumia: unaiamuru mashine iseme ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kukoma, na ndiyo zote hizo zinatupwa kwenye shimo lisilo na kitako. Hakuna anayeuliza, hakuna anayesikia, lakini prosesa, ubongo wa mashine, inafanya kazi kufa na kupona. Inspekta aliiandika amri hiyo mara nne, kila moja kwenye dirisha lake, na pembeni akaweka dirisha la tano la kumwonyesha mambo mawili tu: joto la prosesa na mwendo wa feni.

Joto, nyuzi arobaini na nane. Feni, mizunguko elfu moja na mia tisa kwa dakika.

Joto likapanda hadi sitini. Feni, elfu moja na mia tisa.

Sabini na tano. Elfu moja na mia tisa.

Tisini. Kiganja alichokiweka juu ya kibodi kilianza kuungua. Feni, elfu moja na mia tisa, haina hili wala lile.

Akazisimamisha amri zote kabla mashine haijajizima, akaegemea kiti chake cha ndala.

Vumbi hakuwa na hatia. Feni haikuwa imekufa, wala haikukwama. Feni yenye akili timamu huinuka joto likiinuka na kutulia likitulia. Ndiyo kazi pekee iliyozaliwa kuifanya. Hii ilikuwa inazunguka mwendo mmoja, polepole, kama mtu aliyeambiwa asisogee. Na mtu aliyeambiwa asisogee ana aliyemwambia.

Katibu alirudi mezani, akainusa laptop yenye moto, akapanda juu yake na kulala.

Inspekta alimtazama. Muhula uliopita paka huyu hakukaribia meza hii. Laptop ilipoanza kuvuma alikuwa akikimbilia chini ya rafu ya kamusi, mkia juu, na kukaa huko mpaka mvumo ukome. Sasa alikuwa ameifanya godoro. Tangu lini?

Akarudi nyuma kichwani, Jumapili moja moja. Ile ya kwanza ya likizo, simu haikukatika. Waliongea mpaka mwisho wakaagana. Lakini feni ilivuma saa nzima, na mama hakusikia nusu ya maneno. "Kelele gani hiyo?" aliuliza tena na tena. "Mwanangu, wamekuhamishia mashine ya kusaga?" Jumapili iliyofuata feni ilikuwa kimya, na Inspekta alifurahi, akasema mashine imepona. Siku hiyohiyo ndipo simu ilipokatika kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amesherehekea dalili za ugonjwa.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya miguu tu, au tuseme ya vidole. Ndani kabisa ya mfumo kuna faili dogo lenye tarakimu moja. Likisoma mbili, mashine inaitawala feni yenyewe. Likisoma moja, feni imeshikwa na mkono wa mtu. Alilifungua. Moja.

Lakini tarakimu hiyo husahaulika kila mashine inapozimwa, na hii ilikuwa imezimika mara nyingi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachoirudisha kila inapowaka. Akaomba orodha ya kazi zote zinazoamka pamoja na mashine. Ilishuka ndefu, majina yote ya kigeni na ya kiufundi, yasiyomhusu mtu. Katikati yake kulikuwa na jina moja la Kiswahili.

Kimya.

Ndani yake mlikuwa na amri mbili tu: mashine iiachie feni, kisha feni ishikiliwe chini. Faili lilikuwa limetengenezwa Jumatatu, siku moja baada ya ile simu ya mashine ya kusaga. Na halingeweza kuwekwa hapo bila nywila ya msimamizi, ambayo shule nzima waliijua watu wawili: Mwalimu wa Kompyuta, na mwenye maktaba.

Inspekta aliinua macho. Mbele yake, juu ya ukuta, bango lilimtazama. KIMYA.

Hata hivyo mpelelezi makini hamkamati mtu kwa sababu ya bango. Alivaa viatu, akatoka mbio hadi langoni, akamwomba Mlinzi simu yake ya vitufe. Mwalimu wa Kompyuta alipokea huku nyuma yake watoto wakipigania kitu.

"Mwalimu, shikamoo. Ni Inspekta."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Laptop ya maktaba. Mara tatu."

"Kumbe inafufuka. Basi hali si mbaya."

"Kuna faili linaitwa kimya, Mwalimu."

"Aa. Lile. Lile niliandika mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Amri wapi! Madam aliniomba. Nilikuwa na mabegi begani, gari linapiga honi nje. Akasema feni ishushwe, tena iwe hivyo kila mashine ikiwaka, maana yeye amri hazikai kichwani. Nikaandika nimesimama kwa mguu mmoja."

"Hukufikiria joto?"

"Joto la nini? Madam anaitumia kutafutia vitabu kwenye katalogi. Katalogi haijawahi kumpandisha mtu joto. Nani anapigia video kwenye mzee yule?"

"Mimi."

"Ooh." Watoto walilia, mtu akawanyamazisha. "Pole, binti yangu. Mama yako, eh? Pole sana. Sikujua kuna mtu amebaki."

Inspekta alimrudishia Mlinzi simu.

"Nije na pingu?" Mlinzi aliuliza.

"Una pingu?"

"Nina kamba."

"Baki langoni, Kamanda. Hii nitaimaliza mwenyewe."

Mkutubi alikuwa palepale alipomwacha, gundi mkononi. Inspekta alivua viatu, akasimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, kama alivyowaona waendesha mashtaka wa mawazo yake wakisimama, akayasoma mashtaka yote kwa kunong'ona. Ni vigumu kumshtaki mtu kwa kunong'ona. Inasikika kama umbea.

"Madam, mashine inapata moto kwa sababu feni imefungwa. Feni imefungwa na faili. Faili liliandikwa na Mwalimu wa Kompyuta, kwa ombi lako. Sababu ninazo." Alianza kuhesabu kwa vidole. "Ulivivisha viti ndala. Uliitoa saa roho. Mwaka jana ulimtoa nje mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa kosa la kuwa na kwikwi. Feni ilivunja sheria ya maktaba, nawe ukaihukumu. Unakubali au unakataa?"

Mkutubi alikifunga kitabu, akakiwekea jiwe juu ili gundi ishike.

"Nakubali nusu," alisema. "Niliifunga mimi. Ila si kwa sheria ya maktaba."

"Basi kwa sheria gani?"

"Jumapili ile nilikuwa nyuma ya rafu ya jiografia. Sikukusudia kusikiliza, lakini mlikuwa mnapiga kelele kama watu waliosimama kingo mbili za mto. Mama yako anauliza, kelele gani hiyo. Wewe unarudia. Anauliza tena." Alijifuta gundi kidoleni, taratibu. "Mwishoni ulimwambia umemkumbuka. Hakusikia. Ukapaza sauti. Hakusikia. Ukasema mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayeita gari. Mimi nimekaa na kimya miaka mingi, binti yangu. Neno lile halisemwi kwa kelele."

Inspekta alibaki amekishika kidole cha tatu cha mashtaka.

"Nikasema, angalau niwape kimya. Kingine sina," Mkutubi aliendelea. "Na Jumapili zilizofuata nikawa natoka nje, nakaa kwenye ngazi za maabara, niwaachie nafasi. Sikujua inazimika. Nikirudi nakukuta umekaa tu, unaitazama skrini nyeusi. Nilidhani mmeagana."

Katika vitabu, mhalifu akikiri, inspekta huwasha kiko au hutazama nje ya dirisha. Inspekta hakuwa na kiko. Akatazama nje ya dirisha. Nje kulikuwa na uwanja, na uwanjani hapakuwa na mtu.

"Sasa tunafanyaje?" Mkutubi aliuliza.

"Nywila, Madam."

Mkutubi aliiandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Inspekta akaiondoa ile kazi isiamke tena na mashine, akairudisha tarakimu kuwa mbili, kisha akazirudia zile ndiyo nne za majaribio. Joto likafika sitini, na feni ikaamka. Likafika sabini, na feni ikavuma. Ikanguruma mpaka meza ikatetemeka, elfu nne na zaidi, na Katibu akaruka hewani, akatoweka chini ya kamusi. Mkutubi alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Joto likasimama kwenye sabini na nane, likakaa.

"Tukiipa nusu je?" Mkutubi aliuliza, akilazimika kupaza sauti ndani ya maktaba yake mwenyewe.

Wakaipa nusu. Joto likapanda tena bila aibu mpaka tisini na kitu. Vipokea sauti vya masikioni viliondoka na mwalimu wa muziki. Kipaza sauti cha laptop kilikaa vidole viwili tu kutoka kwenye feni. Aliyeichora mashine hii hakuwa na mama wa mbali. Hakukuwa na njia ya katikati. Ama kimya na kukatika, ama kelele na kufika mwisho.

"Iache ivume," Mkutubi alisema.

Saa kumi, simu iliita. Uso wa mama ulijaza skrini, na nyuma yake ukuta mweupe wa chumba chake.

"Mwanangu! Unanisikia? Hee! Wamekurudishia mashine ya kusaga?"

"Ni feni, Mama! Usiijali! Wewe sema!"

"Nini?"

"SEMA! Lile jambo!"

Mama alijisogeza karibu na kamera mpaka paji la uso likakatika. Alisema. Feni ikavuma juu ya maneno yake, lakini Inspekta alikuwa akiutazama mdomo, na mdomo aliusoma vizuri tu.

"Sikusikii, Mama."

Akasema tena.

"Bado! Rudia!"

"Nimesema mkataba wameuongeza!" mama alipiga kelele, na mtu mwingine huko aliko lazima alimgeukia, kwa sababu aliinua mkono kuomba radhi kwa mtu asiyeonekana. "Miaka miwili mingine! SITARUDI mwaka huu! Nilitaka nikuambie polepole!"

Neno hilo lilipita juu ya meza, likapita rafu ya historia na rafu ya jiografia, chini ya mabango yote ya KIMYA. Hakuna aliyesema shh.

Joto, sabini na saba. Feni, elfu nne mia moja. Inspekta alizitazama namba hizo kwa muda. Zilikuwa sahihi kabisa.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

"Nini?"

"NIMESIKIA!" Akavuta pumzi. "NIMEKUKUMBUKA!"

Safari hii mama alisikia mara ya kwanza. Aliuweka mkono mdomoni, akautoa, akapiga kelele jibu lake, na wakaendelea hivyo, wakipigiana kelele juu ya mambo madogomadogo, kitanda alicholala jana, mzee mmoja wa huko anayeficha meno yake ya bandia, mpaka saa ilipokwisha na mama akapunga mkono. Skrini haikuzimika yenyewe. Mama ndiye aliyekata, kama inavyotakiwa.

Kwenye dirisha la pembeni namba zilianza kushuka. Sabini. Sitini. Feni ikalegea, ikanong'ona, ikatulia. Maktaba ikarudi kuwa maktaba, saa nne asubuhi, na kimya chake kikasogea kutoka kila upande mpaka kwenye kiti chake.

Mkutubi alikuwa amesimama nyuma ya rafu ya jiografia. Hakutoka nje leo.

"Kesi imefungwa?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Imefungwa, Madam."

"Na mshtakiwa?"

"Ameachiwa huru."

Inspekta alikusanya bisibisi na brashi, akaifunga leso. Mpelelezi aliyemaliza kazi huinuka na kuondoka. Yeye hakuinuka. Alilifungua tena lile dirisha jeusi, akaandika ile amri ya kipuuzi, mara moja, mbili, tatu, nne. Mashine ikaanza upya kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo, ikizitupa shimoni. Joto likapanda. Feni ikaamka, ikavuma, ikaijaza maktaba nzima kana kwamba kuna watu wengi ndani.

Nyuma ya rafu, kiti kilivutwa sakafuni. Mkutubi alikuja nacho hadi mezani, akaketi upande wa pili, akafungua kitabu chake chenye gundi mbichi, na kuanza kusoma.